Waebrania 12 si ya kumsomea mgonjwa kitandani

Katika wadi za hospitali za Dar es Salaam, Muhimbili, Amana, Temeke na Mwananyamala, muda wa kuona wagonjwa ni mfupi, na wageni wa kanisa wanalijua hilo. Wanafika na chupa ya chai, machungwa na Biblia. Wanaimba pambio kwa sauti ya chini, mmoja anasoma neno, mwingine anaomba, wanaondoka kabla mlinzi hajaanza kupita kitanda hadi kitanda. Neno linalosomwa mara nyingi ni Waebrania 12: "Maana yeye ambaye Bwana ampenda, humrudi," yaani humwadhibu ili kumlea. Nia ni njema kabisa. Msomaji anataka mgonjwa ajue kuwa Mungu hajamtupa. Lakini aliyelala pale na dripu mkononi anasikia jambo jingine: kwamba kuna alichokosa, kwamba Mungu ameshika fimbo, na kwamba hatapona mpaka akikumbuke.

Mafundisho ya kurudiwa na Mungu ni ya kweli, na Mkristo asiyeyajua huyumba mapema taabu inapobisha hodi. Ila yana mahali pake. Mtu huyasema juu yake mwenyewe, mbele za Mungu, na mara nyingi baada ya muda kupita. Mtunga Zaburi 119 ndiye anayekiri kwamba kuteswa kulikuwa vema kwake, apate kujifunza amri za Mungu. Anasema "kwangu". Ukienda Zaburi 41, ambako kuna mtu mgonjwa na watu wanaotoa hukumu juu ya ugonjwa wake, wanaotoa hukumu hiyo ni adui zake.

Kiti cha Elifazi

Kitabu cha Ayubu kina sura 42, na wengi wetu tunazijua mbili za kwanza na ile ya mwisho. Katikati ndimo mlimo na somo tunalolihitaji. Marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanakuja na kukaa chini pamoja na Ayubu siku saba mchana na usiku, bila hata mmoja kusema neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkubwa mno (2:13). Mpaka hapo wako sawa. Kisha Elifazi anafungua kinywa, na katika sura ya 5, mstari wa 17, anamwambia Ayubu kuwa ana heri mtu ambaye Mungu humwadhibu, basi asidharau kurudi kwake Mwenyezi.

Linganisha maneno hayo na Mithali 3:11–12, halafu na Waebrania 12:5–6. Ni fundisho lile lile. Ukilitoa pale na kulihubiri Jumapili asubuhi, hakuna mzee wa kanisa atakayekuita pembeni. Hata hivyo katika 42:7 Mungu anamtaja Elifazi kwa jina, anasema hasira yake inawaka juu yake na rafiki zake wawili kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa katika habari zake kama alivyonena Ayubu. Wanaagizwa watoe ng'ombe saba na kondoo waume saba, na wamwombe Ayubu awaombee. Yaani yule waliyemhesabu kuwa mwenye dhambi anakuwa mwombezi wao.

Kosa la Elifazi ni kwamba alichukua neno la kweli akampa mtu asiyehusika nalo, akijifanya anajua sababu ambayo Mungu hakumwambia. Sisi wasomaji tumeshasoma sura ya 1 na tunajua kuwa chanzo hakikuwa dhambi. Elifazi hakuisoma. Nasi tunapoingia wadini hatujaisoma sura ya kwanza ya mgonjwa yeyote.

Waebrania yenyewe nayo isomwe kwa ukamilifu wake. Walioandikiwa hawakuwa watu waliokamatwa katika uovu. Sura ya 10, mstari wa 32 hadi 34, inaeleza walivyotukanwa hadharani, wakashirikiana na waliofungwa, wakanyang'anywa mali zao kwa sababu ya imani. Sura ya 12, mstari wa 4, inawaambia bado hawajapigana hata kumwaga damu. Kwa hiyo "kurudiwa" kunakozungumzwa pale ni malezi ya watu waliokuwa waaminifu, wakateswa kwa uaminifu huo. Na mwandishi ameshatangulia kusema katika 5:8 kuwa Yesu mwenyewe, ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata. Kama asiye na dhambi alipita katika mateso na akajifunza humo, basi kuteseka peke yake hakuwezi kuwa ushahidi wa kosa.

Fungu hilo la Waebrania 12 linaishia kwa agizo ambalo wasomaji wengi wa wadini hawalifikii. Mstari wa 12 na 13 unawaambia wanyoshe mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza, waitengenezee miguu njia iliyonyoka, ili kilicho kiwete kiponywe kisije kikapotoshwa. Mgonjwa ndiye mwenye magoti yaliyopooza. Kazi ya aliyekuja kumtazama ni kuondoa mawe njiani.

Je, kama kweli kuna dhambi?

Swali hili ni la haki, na Biblia hailikwepi. Zaburi 32 inaeleza mtu aliyenyamaza juu ya dhambi yake mpaka mifupa ikachakaa. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba wengi kwao ni dhaifu na hawawezi, na wengine wamelala, kwa sababu ya namna walivyoidharau Meza ya Bwana (1 Wakorintho 11:30). Daudi alirudiwa vikali baada ya habari ya Bathsheba na Uria.

Tazama jinsi mambo hayo yanavyokwenda. Mungu anapomrudi mtu kwa ajili ya dhambi, hamfumbii fumbo. Nabii Nathani alimwambia Daudi alichofanya, alimfanyia nani, na nini kitafuata. Wakorintho waliambiwa kosa lao ni lipi: wenye chakula walikula na kulewa huku maskini wakikaa na njaa. Mwenye Zaburi 32 alijua alichokuwa anakificha. Mwenye kosa analijua kosa lake, na mlango wa kutubu unakuwa wazi siku hiyo hiyo.

Basi mtu aliye katika taabu, akitaka kujichunguza, afanye hivi. Jioni moja akae na Zaburi 139:23–24, aisome kwa sauti mara mbili, kisha anyamaze kama dakika kumi akiwa na daftari na kalamu. Likimjia jambo lenye jina, aliandike: kiwanja cha ndugu alichokiuza kwa hila, mshahara wa dada wa kazi ambao haujalipwa, mtoto wa nje asiyetumiwa matumizi, deni la kikoba ambalo amelikana. Aungame kwa Mungu, halafu aende kwa aliyemkosea na kurudisha. Zakayo alirudisha mara nne. Machozi ya madhabahuni bila fedha kurudi hayajamaliza jambo.

Lisipomjia jambo lenye jina, aache kuchimba. Hapa ndipo wengi wanapoumia katika mji huu. Hatia isiyo na jina inamsumbua mtu, naye anaanza kutafuta atakayemwambia kosa lake ni nini. Hakosi kumpata. Ataambiwa kuna mlango umefunguka, kuna madhabahu za kwao zinanena, kuna laana ya ukoo kutoka kwa babu. Ataulizwa majina ya babu na bibi, ataagizwa mafuta, maji, chumvi, na sadaka ya kufungua. Kila akirudi bila nafuu anaonyeshwa tabaka jingine la chini zaidi. Biblia ilishalijibu hili. Ezekieli 18 yote imeandikwa kupinga watu waliosema baba walikula zabibu kali na meno ya watoto yakatiwa ganzi. Wanafunzi walipomuuliza Yesu kuhusu kipofu, ametenda dhambi nani, huyu au wazazi wake, jibu lilikuwa fupi: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake, bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake." Na Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa na laana ya torati. Mkristo hana laana ya babu inayomdai malipo.

Katika Luka 13 Yesu anataja mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane, na anakataa kusema walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Dar es Salaam tunao mnara wetu. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa likaanguka Kariakoo na kufunika wafanyabiashara na wateja wao. Maswali ya kuuliza hapo ni ya nondo, saruji, msingi na vibali. Anayetafuta dhambi za marehemu anawapa nafasi wenye hatia halisi waondoke bila kuulizwa. Yesu aliwageuzia swali walio hai: ninyi je, mmetubu? Kwa hiyo kifo cha jirani kinanipa sababu ya kujihoji, na hakinipi mamlaka ya kumhukumu aliyekufa.

Kulia mbele za Mungu kwa utaratibu

Wengi wamefundishwa kwamba imani ni kutolalamika. Ukisema inauma, unaambiwa unakiri vibaya. Lakini kundi kubwa kuliko yote katika Zaburi ni la maombolezo, na Mungu mwenyewe ndiye aliyeyaweka kwenye kitabu chetu cha sala. Ayubu alilalamika sura baada ya sura, na ndiye aliyesifiwa kuwa amenena yaliyo sawa. Tofauti yake na wenzake ilikuwa kwamba wao walizungumza juu ya Mungu, yeye akazungumza na Mungu.

Anayetaka kujifunza aanze na Zaburi 13, kwa kuwa ni fupi, ina mistari sita tu, na mwenye homa anaweza kuimaliza. Mistari miwili ya kwanza ni malalamiko: "hata lini" inatajwa mara nne. Mistari miwili ya kati ni maombi, nayo ni mahususi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Miwili ya mwisho ni kutumaini. Hakuna kinachosema shida ilikuwa imeisha alipofika mstari wa tano. Anachokishika ni fadhili za Mungu alizozijua tangu zamani.

Isome kwa sauti asubuhi na jioni kwa wiki nzima, zaburi hiyo hiyo moja, bila kukimbilia nyingine. Siku ya tatu au ya nne, weka "hata lini" zako nne mahali pa zile za Daudi, na uziandike kwa maneno ya nyumbani kwako: hata lini mguu huu hautafunga kidonda, hata lini nitakopa nauli ya kliniki, hata lini mwenye nyumba atanigongea mlango, hata lini utakaa kimya. Kisha andika ombi moja. Moja tu, lililo wazi kiasi kwamba likijibiwa utalijua. "Nibariki" haitoshi. "Majibu ya kipimo cha kinyama yatoke kabla ya Ijumaa, na uwe nami nikiyasikia" inatosha. Mwisho andika jambo moja ambalo Mungu ameshakufanyia na huwezi kulikana. Kama hulioni katika maisha yako, chukua msalaba. Upo daima, na wala haujengwi juu ya hali yako ya leo.

Nyumba zetu nyingi hazina chumba cha faragha. Chumba kimoja Tandale au Mbagala kinalaza watu watano na redio ya jirani inapita ukutani. Basi chukua ile dakika ishirini ya foleni ya kadi hospitalini, au kiti cha dirishani kwenye mwendokasi kutoka Kimara, na usome kwa midomo bila sauti kama Hana kule Shilo. Kuhani Eli alidhani amelewa, na Mungu alimsikia hivyo hivyo.

Kuna mambo matatu yanayoharibu sala ya namna hii. La kwanza ni kuruka kwenda mistari ya furaha kabla ya kusema kinachouma. Mtu anamsifu Mungu kwa midomo huku moyo umefunga mlango, na baada ya miezi michache anaacha kusali kabisa bila kujua kwa nini. La pili ni kubaki kwenye malalamiko bila kuomba kitu chochote, mpaka yanageuka kuwa manung'uniko kwa majirani. Hilo ndilo shina la uchungu ambalo Waebrania 12:15 inalionya. La tatu ni kujilazimisha kumaliza kwa shangwe kila siku. Ziko siku ambazo shangwe haipo. Kwa siku hizo tumepewa Zaburi 88, ambayo mstari wake wa mwisho unaishia gizani, bila hata neno moja la matumaini baada yake. Lakini inaanza kwa kumwita BWANA kuwa Mungu wa wokovu wangu, na mtu yule anaendelea kumwita mchana na usiku. Kuendelea kumwita ndiyo imani yake yote kwa siku ile, na Mungu aliipokea, akaiweka katika Maandiko.

Yesu mwenyewe msalabani aliomba zaburi ya maombolezo, ya 22. Kabla ya hapo, Gethsemane, aliomba kikombe kiondoke, akaomba jambo lile lile mara tatu. Paulo naye alimsihi Bwana mara tatu juu ya mwiba katika mwili, akapewa jibu ambalo halikuwa uponyaji: "Neema yangu yakutosha." Kwa hiyo kuomba tena na tena si kukosa imani. Na kuambiwa hapana si dalili ya kukataliwa, maana aliyeambiwa hapana Gethsemane ni Mwana mpendwa.

Dawa na mfungo

Kwenye mambo ya dawa nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu hapa watu wanakufa. Mwaka 2011 maelfu walisafiri mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ndefu, wapo waliokufia njiani, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Kikombe kile kimepita. Tabia ya kuacha dawa ili kumthibitishia Mungu kuwa tunamwamini bado iko nasi.

Isaya alipomletea Hezekia ahadi ya kupona, na kuongezewa miaka 15, aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:5–7). Ahadi ilikuwa ya Mungu, haikuwa na mashaka yoyote, na dawa ikatumika. Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Trofimo alimwacha Mileto hawezi, na hakuna anayesema Trofimo alikosa imani.

Tuje kwenye magonjwa yenyewe. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa 4 kwa pamoja, miezi 4 inayofuata dawa 2. Baada ya wiki chache kikohozi kinapungua, jasho la usiku linakoma, uzito unarudi. Ndipo mtu anapoitwa mbele kutoa ushuhuda, na ndipo anapoacha vidonge. Vijidudu vilivyobaki havijafa, na vinavyorudi vinaweza kuwa sugu, vyenye tiba ngumu na ghali zaidi. Ushuhuda utolewe, kwa furaha, na vidonge viendelee mpaka mwezi wa sita. Kwa anayetumia ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, karatasi ikisema virusi havionekani maana yake dawa imevizuia mpaka kipimo hakivipati kwenye damu. Mwilini bado vimo, na dawa zikiachwa kwa kawaida hurudi ndani ya wiki chache. Mwenye kifafa akikatisha dawa ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika. Mtoto anayeishi kwa insulini akinyimwa, anaweza kufa ndani ya siku chache.

Mfungo nao una mipaka. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, akifunga bila kumwona daktari, sukari inaweza kushuka mno katikati ya maombi: anatetemeka, anatoka jasho la baridi, maneno yanavurugika, anakuwa mkali. Watu wanamkemea pepo. Anachohitaji ni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha asubiriwe dakika 15 na apewe tena kama hajapata nafuu, halafu ale chakula. Akiwa hajitambui, asinyweshwe kitu chochote, akimbizwe hospitali. Mwenye selimundu (sikoseli) asiingizwe kwenye mfungo mkavu wala mkesha wa uwanjani kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, kwa kuwa ukosefu wa maji, baridi na uchovu ndivyo vinavyochochea maumivu yake. Wajawazito na wanaonyonyesha wasifunge chakula na maji. Danieli katika sura ya 10 alifunga wiki tatu kwa kuacha chakula kitamu, nyama na divai, na sala yake ilisikiwa tangu siku ya kwanza. Mgonjwa anaweza kufunga simu, au vitafunwa, au maneno makali kwa mke wake, na akameza dawa zake kwa wakati.

Kanisa linapotenga

Kuna marudi ambayo kanisa lenyewe hutoa: mtu anatengwa na Meza ya Bwana kwa muda, kisha anarudi kundini. Sipingi utaratibu huo. Mathayo 18:15–17 inautaja kwa hatua zake, kwanza wawili faraghani, kisha mashahidi, kisha kanisa. Kinachoharibika ni kuanzia hatua ya mwisho. Binti anapata mimba, jina lake linasomwa mbele ya usharika, na kijana aliyempa mimba yuko kwenye safu ya besi ya kwaya. Jambo hilo ni dhuluma, na Mungu hana upendeleo.

Jambo la pili ni kukosa mwisho. Paulo alipoandika 2 Wakorintho 2:6–8, alisema adhabu ya yule mtu imetosha, wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni iliyopita kiasi. Kwa hiyo siku ya kutenga, baraza la wazee liandike pia tarehe ya kumwona tena, na jina la mtu mmoja atakayemtembelea nyumbani katika kipindi hicho. Aliyetengwa bila tarehe na bila mgeni hapati malezi yoyote. Anahama kanisa, au anahama imani.

Kuondoa mawe njiani

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu huenda hospitali mara tatu kwa wiki, na kila mara ni kama saa nne mashineni. Ni safari zaidi ya kumi na mbili kwa mwezi. Jumuiya au kikundi cha nyumbani chenye watu kumi na wawili, kila mmoja akibeba safari moja kwa mwezi, nauli ya kwenda na kurudi na mtu wa kusindikiza, kinaubeba karibu mzigo wote wa njia. Hiyo ni bora kuliko mchango mmoja mkubwa unaotolewa siku ya Jumapili na kuishia wiki ile ile. Anayepigwa mionzi ya saratani Ocean Road anaweza kwenda siku tano kwa wiki kwa majuma kadhaa. Wengi wametoka mikoani na hawana ndugu mjini. Wanahitaji mahali pa kulala, mtu wa kupika uji au mtori pale koo linapouma, na mtu wa kupiga simu nyumbani na kusema ukweli wa hali yao.

Ukiingia wadini, kaa. Muulize mgonjwa anaumwa wapi leo, si ugonjwa ulianzaje. Muulize kama angependa kuombewa, na aombewe nini. Soma zaburi fupi. Sema pole na uinyamazie, usiongeze "lakini". Kama yeye mwenyewe akikuambia kwamba Mungu amemfundisha jambo katika ugonjwa huu, hapo Waebrania 12 imefika mahali pake. Itikia amina, usimnyang'anye neno hilo ukaligeuza mahubiri yako.

Msibani ni hivyo hivyo. "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa" ni maneno ya Ayubu juu ya watoto wake mwenyewe, akiwa amerarua joho lake. Mjane akiyasema, tuitikie pamoja naye. Tusimwanzishie. Na "kazi ya Mungu haina makosa" isitumike kufunika kosa la dereva, la fundi umeme au la zahanati iliyokosa damu. Maombolezo 3:33 inasema moyo wake Mungu hapendi kuwatesa wanadamu.

Matanga yakishaanuliwa, turubai na viti vya kukodi vikarudishwa, ndipo kazi inapoanza. Mjane atahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, muhtasari wa kikao cha familia kinachopendekeza msimamizi wa mirathi, na mtu wa kuongozana naye mahakama ya mwanzo kufungua shauri, mapema, kabla shemeji hajabadilisha kufuli za nyumba. Mzee mmoja wa kanisa anayeijua njia hiyo akabidhiwe jukumu hilo kwa jina, pamoja na tarehe mbili za kuandika kwenye daftari lake: mwezi wa tatu tangu mazishi, wageni wakiwa wameshakoma kuja, na wiki ya kwanza ya Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa.